Mtaa Usio na Mgonjwa

Watu wengine hutia chumvi kwenye maneno. Yeye aliitia kwenye maji, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ukamwita Mama Chumvi. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilibaki kabatini. Hata mwanawe wa pekee, fundi wa kuchomelea vyuma, akiulizwa ni mtoto wa nani alijibu hivyohivyo, tena kwa kujidai.

Alianza kama mfagiaji wa zahanati. Alipiga deki, akamwaga ndoo, akasuguana na madoa ambayo madaktari waliyaruka kwa ncha za viatu. Sista, yaani muuguzi mkuu wa pale, alipoona mwanamke huyu anajua kumbembeleza mgonjwa mkorofi kuliko wauguzi wake wawili, akamfundisha kazi. Akapewa kizibao cha buluu, mfuko wa kuning'iniza begani na buti za mpira zilizompwaya, akawa mhudumu wa afya wa mtaa wake, ule wa bondeni. Mshahara haukuwepo, lakini heshima ilikuwepo, na heshima inalewesha haraka kuliko pombe.

Ujuzi wake ulikuwa mmoja tu, na huo aliujua barabara: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Aliyaonja kwanza mwenyewe, kwa sababu Sista alimwambia yasizidi chumvi ya machozi. Kisha akakaa kitako kando ya mkeka wa mgonjwa, kijiko mkononi, na hapo ndipo ungejua kwamba ana kipaji. Alitania, alifoka, aliimba, alitishia kulala palepale.

"Baba mzima na ndevu zako, unaogopa kijiko? Fungua mdomo huo. Kwenye kusengenya unafunguka wenyewe."

Na baba mzima alifungua mdomo akanywa.

Kipindupindu kilipoingia, kiliingia na mvua. Bondeni vyoo vilifurika, na bomba la maji lilipita katikati ya mtaro wenyewe, limefungwa viraka vya mpira wa baiskeli. Amri ikatolewa: anayeharisha na kutapika apelekwe kambini mara moja, kwenye mahema yaliyopigwa uwanja wa mpira, na mhudumu atakayeficha mgonjwa atavuliwa kizibao. Amri nzuri, hakuna ubishi. Tatizo ni kwamba kambini hakwendi mtu kimyakimya. Ukishapelekwa, wanakuja wanaume wenye mitungi ya klorini mgongoni, wanapuliza chumba chako, mlango wako, hadi kizingiti cha jirani, na kabla hawajamaliza mwenye nyumba ameshaweka kitanda chako nje. Muuza uji wa kona ya bomba aliona yaliyompata mwenzake wa mtaa wa pili: alirudi kutoka kambini mzima kama chuma, lakini uji wake haukugusa mdomo wa mtu tena.

Kwa hiyo watu wa bondeni walipita mlango wa nyuma wa Mama Chumvi. "Mama, nakuomba, usinipeleke." Naye akakubali. Mmoja, wa pili, kisha akaacha kuhesabu. Akaingia nyumba hadi nyumba na birika lake na kijiko, na kwa bahati, maana ilikuwa bahati hata kama yeye aliiita kazi, hakufa mtu. Hapo kichwa kikamvimba. Kwenye mikutano ya wahudumu alisimama na kusema, "Mtaa wangu haupeleki mtu kambini," na Daktari, kijana mwembamba aliyekuwa msimamizi wa zahanati na kambi, akawaambia wengine wajifunze kwake.

Aliyeambiwa hasa ajifunze ni mhudumu wa mtaa wa juu, ambaye watu walimwita Mkokoteni. Huyu alikuwa na mkokoteni wa kubebea mizigo sokoni, na ugonjwa ulipokuja akaugeuza gari la wagonjwa. Mtu akicheua tu, Mkokoteni yuko mlangoni. Alimbeba mchana kweupe, akipaza sauti watu wapishe njia, na watu walipisha huku wakimtukana hadi babu yake. Mama Chumvi alimdharau waziwazi. Alisema yule anafanya kazi ya punda, si ya mhudumu.

Kisha zikaja habari kwamba kuna chanjo.

Jioni ya kabla ya mkutano wa kuigawa, Mama Chumvi alikuwa barazani akimenya viazi. Mkwe wake, mke wa yule fundi wa vyuma, alikuwa kwenye cherehani yake palepale, anapindia sare za shule. Waliishi nyumba moja, na kutaniana kwao kulikuwa kukali kiasi kwamba wapita njia walisimama kusikiliza.

"Mama, ni kweli imekuja?" mkwe aliuliza.

"Imekuja. Kidogo."

"Haitoshi?"

"Haifikii hata nusu ya mitaa. Kesho ndiyo tunaamua nani apate."

Mkwe akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Basi kesho useme ukweli. Useme huku watu wanaumwa. Wewe unaficha wagonjwa kama watu wanavyoficha sukari wageni wakibisha hodi."

"Nimewaahidi watu."

"Uliwaahidi kuwatunza, hukuwaahidi kuwanyima chanjo. Chanjo wataipeleka kwenye ugonjwa, mama, hawataipeleka kwenye sifa."

Mama Chumvi akasonya. "Wewe shona. Daktari ananijua."

"Ndiyo hiyo naiogopa," mkwe alisema, akacheka kidogo, akaendelea kushona. Mjukuu, kitoto cha kike ambacho kilikuwa ndiyo kwanza kinajua kuunga maneno, alikuwa chini ya cherehani akikusanya vipande vya nyuzi.

Mkutano ulifanyika stoo ya zahanati, kwa sababu ndiko kulikokuwa na makasha ya barafu na Sista hakutaka kuyaacha bila macho. Wahudumu wanane wa mitaa minane walikaa juu ya makreti. Daktari alisimama mlangoni, shati limemlegea, macho mekundu. Ingekuwa rahisi kumfanya yeye mbaya wa kisa hiki. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa shuka moja awafunike watu wanane.

"Tuliomba dozi mbili kwa kila mtu," alisema. "Tumepata za kuwapa watu wa mitaa mitatu, dozi mojamoja. Ndizo hizi mnazoziona."

Mkokoteni akanyoosha mkono. "Daktari, kwani tusigawane? Kila mtaa upate kidogo chake, roho zitulie."

"Roho zitatulia, ugonjwa hautatulia," Daktari alijibu. "Ukichanja watu wachache kila mahali, umeacha mwanya kila mahali. Mtaa ukichanjwa, uchanjwe wote. Na tutaanza na mitaa inayoumia zaidi. Hesabu za kambi ninazo, lakini nataka kusikia kwenu, maana nyinyi ndio mnaolala huko."

Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa Mama Chumvi. Haikufichwa wala haikuja kwa mafumbo. Daktari aliiweka mezani mbele yake, na mkwe alikuwa ameshamwonyesha jinsi ya kuichukua.

Wakaanza mmoja mmoja. Mkokoteni aliposimama alisema kwake hali ni mbaya, kwamba mikono imeota sugu, na kwamba juzi alimbeba hata mlevi aliyekuwa anatapika pombe tu. Stoo ikacheka. Mama Chumvi akacheka pia, kwa puani.

Zamu yake ikafika. Daktari alitabasamu kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu asubuhi ile, na Mama Chumvi aliliona tabasamu hilo likimlenga yeye. Alimfikiria muuza uji, aliyekuwa mkekani wakati ule ule, na mwenye nyumba wake ambaye angekitoa kitanda nje kabla ya adhuhuri. Alikifikiria kizibao. Na tuseme yote: alimfikiria Mkokoteni, jinsi angegeuza shingo kumtazama.

"Kwangu," alisema, "hakuna aliyekwenda kambini, Daktari."

Neno kwa neno haukuwa uongo. Wenzake wakapiga makofi. Daktari akasema huo ndio mfano, kwamba mtaa wa bondeni umejikinga wenyewe kwa maji ya chumvi, na laiti angekuwa na Mama Chumvi wanane. Kisha akataja mitaa mitatu. Mtaa wa juu ulikuwa wa kwanza, na bondeni haukuwemo. Mama Chumvi alipiga makofi pamoja na wengine.

"Msiondoke," Sista alisema. "Nyinyi mnashika wagonjwa. Mtachanjwa hapahapa."

Wakapanga mstari. Sista alikuwa akivunja kikofia cha kichupa cha plastiki, anamminyia mtu mdomoni, anasubiri ameze, kisha anampaka wino kucha ya kidole kidogo cha kushoto ili asije akachanjwa mara mbili. Mama Chumvi alitaka kusema mimi niache. Lakini kichupa kilikuwa kimeshafunguliwa, na kikishafunguliwa hakirudi kwenye barafu. Akameza. Dawa ilikuwa na ladha ya chuma, na ilimkaa ulimini siku nzima.

Wino ule ulikuwa wa kazi kweli. Aliusugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, kwa jiwe la kusugulia miguu, hadi ngozi ya kando ikachubuka na kucha ikabaki nyeusi tii. Kwenye foleni ya bomba alikunja kidole ndani ya ngumi, lakini ndoo haibebwi kwa ngumi.

"Mama Chumvi, na kucha hiyo?"

"Wino tu. Wa ofisini."

"Ofisi gani hiyo inapaka wanawake kucha? Na sisi tuje!"

Wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu habari za mtaa wa juu zilikuwa zimeshashuka, na kila mtu alijua wino ule maana yake nini. "Yetu inakuja lini?" mmoja aliuliza. Alisema inakuja.

Nyumbani mkwe hakuuliza lolote mpaka alipomaliza mshono aliokuwa nao. "Ulisema?"

"Sikupata nafasi."

"Ya kumeza uliipata." Akakata uzi kwa meno. Ndilo neno pekee kati ya yote aliyowahi kumwambia mama mkwe wake ambalo halikuwa utani.

Asubuhi Mama Chumvi akapiga moyo konde, akaenda zahanati. Makasha yalikuwa yakipakiwa kwenye gari. Alimvuta Daktari kando ya tangi la maji akamweleza yote, kuanzia mlango wa nyuma hadi muuza uji. Daktari alimsikiliza huku uso ukimshuka.

"Ni wengi?"

"Wengi. Hata siwakumbuki wote."

"Na mimi nimesimama jana nakusifu." Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Mama, watu wa mitaa ile mitatu wamekaa kwenye foleni tangu alfajiri. Niende niwaambie nini? Kwamba yule aliyesema hakuna, leo anasema wapo?"

"Nipe hata kasha moja, mwanangu."

"Kasha moja utawapa nani? Nitajie nyumba."

Jibu alikuwa nalo, lilimjia mdomoni lenyewe, na ndilo lililomfanya ainamishe kichwa. Angetaja nyumba yake. Angemtaja mkwe, mwana na mjukuu, kisha ndipo angeanza kufikiria majirani.

Daktari hakumvua kizibao. Alisema hana mtu mwingine wa kumpeleka bondeni. "Rudi, walete kambini wote. Nikiwaona kambini naweza kuwaombea chanjo. Siwezi kuwaombea watu ambao hawapo. Nitaomba tena, ila sijui italetwa lini."

Akarudi, akapita nyumba zilezile, milango ileile ya nyuma, akiwaambia sasa twendeni kambini. Ajabu ni kwamba walishangaa. Muuza uji alijiinua kwenye mkeka kwa kiwiko. "Jana kambi ilikuwa mbaya, leo ni nzuri? Wewe umeshachanjwa, ndiyo maana. Unatutupa." Alijaribu kumweleza, lakini alikuwa amewafundisha kwa ustadi mno. Hakuna aliyekwenda, na mvua ikarudi kwa nguvu.

Safari hii ugonjwa haukuchagua. Ulishuka bondeni kama mtu aliyeambiwa huko mlango uko wazi. Mama Chumvi alikimbia na birika lake toka chumba hadi chumba, na kwa mara ya kwanza kijiko kikamshinda. Mzee wa kushona viatu akafa, akafuata binti wa mwenye duka. Hapo ndipo baadhi wakaanza kujikokota wenyewe kambini, kwa aibu, wakizunguka njia ya nyuma ya soko.

Mkwe alianza kuharisha asubuhi, mumewe akiwa ameshaondoka kwenda kazini. Alikuwa ameshika sare kwenye cherehani, akainuka, akakimbilia nyuma, akarudi akiwa ameshika ukuta. Mama Chumvi alimlaza, akachanganya maji, akaonja, akakaa kitako.

"Kunywa, binti. Wewe mdomo wako haujawahi kushindwa na kitu."

Alikunywa, yakatoka. Akampa tena, yakatoka tena, pamoja na mengine ambayo hakunywa. Mama Chumvi aliyajua mambo haya. Alijua macho yakiingia ndani maana yake nini. Alimfinya ngozi ya mkono na ngozi ikabaki imesimama pale ilipofinywa. Hata hivyo alichota kijiko kingine, kisha kingine, maana mkono ulikuwa haujui kufanya jambo lingine.

"Mama," mkwe alisema, sauti imekwisha, imebaki pumzi. "Acha kijiko. Kamwite Mkokoteni."

Alikwenda mbio, buti za mpira zikimpiga miguuni, hadi mtaa wa juu, ambako watoto wenye kucha nyeusi walikuwa wakicheza barabarani kana kwamba dunia haina neno. Mkokoteni alikuwa anakula. Alimtazama usoni mara moja, akasukuma sahani, akaushika mkokoteni. Angemcheka ingekuwa nafuu.

Wakapita katikati ya bondeni mchana kweupe, mkwe amelazwa juu ya godoro, Mkokoteni akipaza sauti ileile, "Njia! Njia jamani!" Watu walisimama milangoni. Mama Chumvi alishika ukingo wa mkokoteni, mjukuu mgongoni, na kila mlango aliopita alikuwa amewahi kuingia akasema humu hatoki mtu.

Langoni mwa kambi kijana wa mapokezi, amevaa glovu hadi kwenye viwiko, aliuliza mgonjwa anatoka mtaa gani. Akamtajia.

"Bondeni?" Kijana alikuwa mgeni pale, ameletwa kusaidia. "Si ndiko walisema hakuna wagonjwa?"

Hakuwa na nia ya kumchoma. Alikuwa anauliza tu, na Mama Chumvi akamjibu kwamba wapo.

Sista mwenyewe ndiye aliyetafuta mshipa. Alijaribu mkono wa kulia, wa kushoto, akashuka mguuni. Mishipa ilikuwa imelala. Alipoupata, dripu ikaanza kutiririka, na yeye na Mama Chumvi wakashusha pumzi. Mkwe alifumbua macho, akatafuta kitu, akakiona, akatulia. Alikuwa anamtazama mwanawe, mgongoni kwa bibi yake. Chupa ya maji haijafika nusu, akafa.

Fundi wa vyuma alifika na nguo za kazi, masizi hadi kwenye kope. Hawakumruhusu kumgusa mkewe. Aliambiwa kwamba laiti angeletwa mapema kidogo, angepona. Akauliza nani alikuwa naye nyumbani, akajibiwa, na hakuuliza jambo jingine. Waliozika walikuwa watu wa kambi, na mavazi yao meupe, na mitungi yao mgongoni.

Daktari alitimiza neno lake. Aliomba, na safari hii aliyeombwa alikuwa na cha kuona, kwa sababu bondeni ndiko kulikokuwa kunaongoza kambi nzima. Makasha ya barafu yakashushwa kwenye kona ya bomba, meza ikawekwa, foleni ikapinda hadi mtaroni. Dozi zilikuwa tele. Mpaka jioni zilibaki, kwani watu wenyewe walikuwa wamepungua.

Mama Chumvi alisimama mezani akivunja vikofia na kuwaminyia watu midomoni, Sista kando yake akipaka wino, Mkokoteni akinyoosha mstari. Muuza uji alikuja, amekonda, amepona. Akafungua mdomo, akameza, akatoa kidole, akaondoka. Wote walifanya hivyohivyo. Hawakumtukana, hawakumsema. Ila toka asubuhi hadi jioni hakuna hata mmoja aliyemwita Mama Chumvi, na yeye alisubiri. Kila aliyefika mbele yake, alisubiri.

Mwanawe alifika jua likiwa linaelekea kuzama, amembeba mtoto. Mama Chumvi alivunja kikofia. Mjukuu alipomwona bibi yake ameinua mkono, akaacha mdomo wazi palepale, kama alivyozoeshwa na kijiko.

Fundi wa vyuma akaugeuza uso wa mtoto taratibu, akaulaza begani kwake, akapiga hatua moja hadi upande wa pili wa meza.

"Sista," alisema, "naomba utuchanje wewe."

Sista aliwatazama wote wawili. Kisha akaweka wino chini, akanyoosha mkono, na Mama Chumvi akampa kichupa kilichokuwa kimeshafunguliwa.

"Anayefuata," Mama Chumvi akasema.